UZI: Athene ya kale, serikali iliyopatikana kwa bahati nasibu

Mleta uzi

Wakuu salaam.

Ukitajwa mji wa Athene, wengi wetu tunasema "ndiko demokrasia ilikoanzia", na picha inayotujia ni ya wagombea, kampeni na masanduku ya kura. Nimesoma habari za Wagiriki wa kale kwa muda mrefu, na hili ndilo jambo ninalotamani lijulikane zaidi: picha hiyo siyo yao. Raia wa Athene wa karne ya 4 KK ukimweleza kwamba viongozi wote wa nchi wanapatikana kwa kugombea na kupigiwa kura, angekuuliza mbona mmewaachia matajiri nchi. Aristotle aliliandika hili waziwazi katika kitabu chake cha Siasa: vyeo vikigawiwa kwa bahati nasibu, hiyo ni demokrasia, vikigawiwa kwa uchaguzi, huo ni utawala wa wachache.

Hoja yao haikuwa ngumu. Kwenye uchaguzi anashinda anayejulikana, na anayejulikana ni mwenye ukoo, mwenye mali, au mwenye ulimi. Fundi viatu wa mtaani hashindi hata siku moja. Kwa bahati nasibu, jina la fundi viatu na jina la mtoto wa ukoo mkubwa vina uzito sawa.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 510 KK dikteta Hippias alifukuzwa Athene, na koo kubwa zikaanza kugombania nafasi. Mmoja wa wagombaniaji, Cleisthenes, alipoona anazidiwa akawageukia wananchi wa kawaida. Mwaka 508/507 KK akaupanga upya mji wote. Raia waliandikishwa kwa vitongoji vyao (vilikuwa 139), na vitongoji vikagawanywa katika makabila 10 mapya kabisa. Ujanja wake uko hapa: kila kabila lilichanganya watu wa pwani, watu wa bara na watu wa mjini. Mkubwa aliyezoea kutamba kwa watu wa eneo lake alijikuta kabila moja na wavuvi asiowafahamu na wakulima wa milimani. Nguvu ya koo ilivunjwa bila kumuua mtu.

Juu ya makabila hayo likajengwa Baraza la watu 500, 50 kutoka kila kabila, wenye umri wa miaka 30 na kuendelea, waliopatikana kwa bahati nasibu na kukaa mwaka mmoja tu. Mtu aliruhusiwa kuingia mara mbili maishani, basi. Wale 50 wa kabila moja walishika zamu kwa sehemu moja ya kumi ya mwaka, wakila kwa gharama ya mji katika jengo la mviringo lililokuwa Agora, yaani uwanja wa soko na shughuli zote za umma. Na kila siku, machweo kwa machweo, mmoja wao aliokotwa kwa bahati nasibu kuwa mwenyekiti. Huyo ndiye aliyeshika funguo za hazina na muhuri wa dola kwa saa 24, na hakuruhusiwa kurudia tena. Kwa hesabu hiyo, wengi wa wale 500 walipitia kiti hicho ndani ya mwaka wao. Mkulima wa mizeituni anaamka akiwa mkuu wa dola, kesho yake anamkabidhi mwenzake funguo.

Naweka sehemu ya pili punde, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi: mashine.

Mleta uzi (sehemu ya pili)

Kwa karne nyingi wasomi walijua tu kwamba Waathene walitumia bahati nasibu, lakini namna ilivyofanyika ilikuwa haieleweki vizuri. Mwaka 1891 Jumba la Makumbusho la Uingereza likachapisha maandishi ya mafunjo yaliyotoka Misri. Upande mmoja yalikuwa hesabu za shamba za karne ya 1 BK. Upande wa nyuma, mtu alikuwa amenakili kitabu kuhusu katiba ya Athene, kilichoandikwa na Aristotle au wanafunzi wake, ambacho kilikuwa kimepotea. Ndani yake mahakama za Athene zinaelezwa hatua kwa hatua. Miaka ya 1930 wachimbaji wa Agora wakafukua vipande vya marumaru vyenye safu za matundu membamba, na maelezo ya kwenye mafunjo yakapata kitu cha kushika mkononi. Kitu hicho kinaitwa kleroterioni.

Ilikuwa inafanya kazi hivi. Kila mwaka raia 6,000 waliandikishwa kuwa waamuzi wa mahakama. Hawakuwa wanasheria, walikuwa watu wa kawaida tu, na kila mmoja alikuwa na kibati chenye jina lake, la baba yake na kitongoji chake. Vya zamani vilikuwa vya shaba nyeusi. Vingi vimekutwa makaburini, watu walizikwa navyo. Siku ya kesi unafika asubuhi kwenye lango la kabila lako na kutumbukiza kibati chako kwenye sanduku lenye herufi yako, kuanzia alfa hadi kapa (herufi kumi za kwanza za Kigiriki). Masanduku yanatikiswa, vibati vinachomekwa kwenye matundu ya lile jiwe, kila herufi na safu yake ya wima. Kila jiwe lilikuwa na safu tano za wima, kwa hiyo ukisoma kwa ulalo, kila mstari una majina matano.

Ubavuni mwa jiwe kulikuwa na bomba jembamba lenye mdomo mpana juu. Humo vilimiminwa vijiwe vyeupe na vyeusi vilivyochanganywa, kisha vikatolewa kimoja kimoja kwa chini. Cha kwanza kikitoka cheupe, watu watano wa mstari wa juu wamepata kazi leo. Kikitoka cheusi, wote watano wanachukua vibati vyao na kurudi nyumbani. Hivyo hivyo mpaka mstari wa mwisho, na wote wanaangalia.

Hapo bado. Aliyepata anachota kwenye chombo kitu chenye umbo la tunda la mwaloni kilichoandikwa herufi ya mahakama atakayokwenda. Anapewa fimbo ya rangi, na kila mahakama imepakwa rangi yake juu ya mlango. Ukishika fimbo ya rangi nyingine huingii. Maana yake, mpaka asubuhi hiyo hakuna mtu duniani aliyejua nani ataamua kesi ya nani.

Kwa nini taabu yote hii? Rushwa. Kitabu hicho hicho kinasema mtu wa kwanza kuhonga waamuzi alikuwa Anytus, baada ya kushtakiwa kwa kuipoteza ngome ya Pylos mwishoni mwa karne ya 5 KK. Waathene hawakuishia kuhubiri uadilifu. Waliunda utaratibu ambao mwenye pesa hajui ampe nani. Baraza la waamuzi 501 linaloundwa alfajiri ya siku ya kesi, utalihonga saa ngapi?

Hata kupiga kura ya hukumu kulifikiriwa hivyo. Kila mwamuzi alipewa visahani viwili vya shaba nyeusi vyenye mhimili katikati, kimoja mhimili wake una tundu, kingine hauna. Chenye tundu ni cha mshtaki, kisicho na tundu ni cha mshtakiwa. Unavishika kwa kuziba ncha za mhimili kwa dole gumba na kidole, unakitumbukiza unachokitaka kwenye chombo cha shaba kinachohesabiwa, na cha pili kwenye chombo cha mbao. Jirani yako anakuona ukipiga kura lakini hajui umempigia nani. Visahani hivyo vimepatikana, vingine vimeandikwa "kura ya umma". Ukimaliza unalipwa oboli tatu (sarafu ndogo za fedha), ambazo mwishoni mwa karne ya 5 zilikuwa kama nusu ya ujira wa kutwa wa fundi. Mwanasiasa Pericles ndiye aliyeanzisha malipo haya, mwanasiasa mwingine, Cleon, akayapandisha hadi tatu, ili maskini asishindwe kuja kwa sababu ya njaa.

Karibuni wakuu, maswali yanaruhusiwa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, uzi umetulia. Ila hapa nimekwama. Unataka kusema jeshi nalo liliongozwa na mtu aliyetolewa kwenye bomba? Na je akipatikana mlevi au mwizi, mji unamvumilia mwaka mzima?

Mleta uzi

Swali zuri mkuu. Jeshi hapana. Majenerali 10 walichaguliwa kwa kunyoosha mikono, na waliruhusiwa kurudia. Ndiyo maana Pericles, ambaye kila mtu anamjua, aliongoza akiwa jenerali na si rais wala waziri mkuu. Plutarch, mwandishi wa wasifu wa watu mashuhuri, anasema alichaguliwa miaka 15 mfululizo. Waliohitaji utaalamu wa wazi, kama majenerali na baadaye wasimamizi wa mifuko mikubwa ya fedha za vita, walichaguliwa. Nafasi zilizobaki zilikuwa za bahati nasibu: wakaguzi wa mizani sokoni, wasimamizi wa nafaka, walinzi wa magereza, watunza barabara, hata wale wakuu tisa wa mwaka waliokuwa na cheo cha kihistoria.

Kuhusu mlevi na mwizi, kulikuwa na milango miwili. Wa kwanza ulikuwa kabla ya kuanza kazi. Mtu aliyepata nafasi ya ukuu wa mwaka aliulizwa hadharani: Baba yako nani, wa kitongoji gani? Baba wa baba yako? Mama yako nani, na baba yake nani? Makaburi ya ukoo wenu yako wapi? Wazazi wako unawatendea vyema? Kodi unalipa? Vitani ulikwenda? Kisha anaulizwa kila aliyepo: "Kuna anayetaka kumshtaki mtu huyu?" Mimi swali la wazazi hunivutia sana. Hawakumwuliza cheti, walitaka kujua kama anamlisha mama yake.

Mlango wa pili ulikuwa wa kutokea. Mwaka ukiisha, kila aliyeshika ofisi alikabidhi hesabu na kukaguliwa, na raia yeyote aliweza kuleta shtaka. Kabla ya ukaguzi kuisha hakuruhusiwa kusafiri nje ya nchi. Tena ofisi nyingi zilikuwa za watu 10 kwa pamoja, mmoja kila kabila. Mzembe mmoja alibebwa na tisa, mwizi mmoja alichungwa na tisa.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuongezea kuhusu vigae, maana mtu hawezi kuizungumzia Athene akaviacha. Mara moja kwa mwaka Mkutano Mkuu (mkutano wa raia wote) uliulizwa kama unataka kumfukuza mtu. Ukikubali, siku inapangwa, kila raia anakuja na kigae cha chungu kilichovunjika kimeandikwa jina la anayemtaka aondoke. Vikitimia 6,000, mwenye jina lililozidi anaondoka miaka 10. Hapokonywi mali wala heshima, anaondoka tu. Aristides, aliyekuwa akiitwa "Mwenye Haki", aliondolewa mwaka 482 KK. Kuna simulizi kwamba mkulima asiyejua kuandika alimpa Aristides mwenyewe kigae, bila kumtambua, amwandikie jina "Aristides". Alipomwuliza amekukosea nini, akajibu: hajanikosea, nimechoka tu kusikia kila mahali anaitwa mwenye haki.

Mleta uzi

Ahsante sana mkuu, umenisaidia. Simulizi hiyo anayo Plutarch, aliyeandika karne kadhaa baadaye, kwa hiyo mimi naipokea kama simulizi. Ila vigae vyenyewe vipo. Katika kisima kimoja chini ya ukuta wa kaskazini wa Akropoli (kilima chenye ngome na mahekalu ya mji) vilipatikana vigae 190 ambavyo karibu vyote vina jina la Themistocles, na wataalamu walipochunguza mwandiko wakakuta umetoka kwenye mikono 14 tu. Yaani kundi dogo lilikaa chini, likaandaa vigae vya kuwagawia watu siku ya kura. Huyu ndiye Themistocles aliyewashawishi Waathene watumie fedha ya machimbo ya Laurion kujenga merikebu za kivita, zilizowashinda Waajemi kwenye vita vya baharini vya Salamis mwaka 480 KK. Takriban mwaka 471 KK wakamfukuza.

Na hapa ndipo ninaposema Waathene walikuwa na haki ya kuogopa kura. Penye kuhesabu majina ya watu, waandaaji walijipenyeza. Kwenye lile bomba la vijiwe hawakuwa na pa kupita.

Mchangiaji wa tatu

Kaka nakuheshimu, lakini unawapamba mno. Hayo machimbo ya Laurion walichimba nani? Watumwa, kwenye mashimo membamba. Wanawake hawakupiga kura hata moja. Mgeni angekaa Athene vizazi vitatu, analipa kodi na anakwenda vitani, lakini si raia. Bahati nasibu ya kina nani hiyo?

Mleta uzi

Dada (au kaka, uniwie radhi), umesema kweli na sitaipunguza. Usawa wa raia ulisimama juu ya migongo ya watu wasiohesabiwa. Merikebu za Salamis zililipiwa na fedha iliyotoka kwenye mashimo hayo, na maskini wa Athene walipata sauti kwa sababu wao ndio waliopiga makasia. Sheria ya Pericles ya 451/450 KK ilizidi kubana mlango: lazima baba na mama wote wawe Waathene. Sheria hiyo ilimfanya mwanamke awe kigezo cha uraia wa mtoto wake huku yeye mwenyewe hana nafasi kwenye Mkutano. Hata kazi nyeti za dola zilifanywa na watumwa wa umma. Sheria ya mwaka 375/374 KK inamtaja mtumwa anayekaa sokoni kupima sarafu kama ni fedha halisi, na neno lake juu ya sarafu lilikuwa la mwisho. Asipokaa kazini anachapwa viboko 50. Mtu huyo huyo anaaminiwa na uchumi wa mji mzima.

Kuna kitu kimoja tu cha kuongezea, si kwa kuwatetea. Mahali pamoja bahati nasibu iliwafikia wanawake. Katikati ya karne ya 5 KK Mkutano uliamua kwamba kuhani wa kike wa Athena Nike atatoka miongoni mwa wanawake wote wa Kiathene, wakati makuhani wa kale walitoka kwenye koo maalumu. Alilipwa drakma 50 kwa mwaka, pamoja na miguu na ngozi za wanyama wa sadaka za umma. Tunalo jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Myrrhine, binti Kallimachos, linalosema yeye ndiye wa kwanza kulitumikia hekalu la Athena Nike, na kwamba alipatikana kati ya wote kwa bahati iliyotoka kwa Mungu.

Mchangiaji wa nne

Vipi mwanafalsafa Socrates? Si waliotolewa kwa bahati nasibu ndio waliomuua? Na mwenyewe aliukataa mfumo huu.

Mleta uzi

Aliukataa, ndiyo. Mfuasi wake Xenophon anasema washtaki walimlaumu kwa kufundisha kwamba ni ujinga kupata viongozi kwa maharage (ndiyo waliyotumia zamani kubahatisha), wakati hakuna mtu anayempata nahodha au seremala kwa njia hiyo. Ni hoja nzito na sijui Mwathene yeyote aliyeijibu kikamilifu.

Lakini rudi nyuma hadi mwaka 406 KK. Majenerali walishinda vita vya baharini huko Arginusae, kisha dhoruba ikawazuia kuwaokoa mabaharia waliokuwa majini. Mkutano Mkuu ukawaka hasira na kutaka kuwahukumu wote kwa kura moja, kinyume cha sheria. Siku hiyo, miongoni mwa wajumbe 50 walioshika zamu alikuwemo mzee aliyeletwa hapo na bahati nasibu: Socrates. Wenzake walitishwa wakanyamaza. Yeye alikataa kulikubali jambo lisilo halali. Alizidiwa, majenerali sita wakauawa, na baadaye Waathene wakajutia. Mtu huyu asingegombea cheo hata kwa kusukumwa. Kama si bahati nasibu, asingekuwepo pale.

Kesi yake ya 399 KK nayo iangalieni vizuri. Mmoja wa washtaki watatu ni Anytus, yule yule wa rushwa. Wazungumzaji walipimiwa muda kwa saa ya maji, chungu chenye kitundu chini. Kimoja kilichofukuliwa Agora kinachukua lita zipatazo 6.4 na kuisha kwa dakika kama sita, na kimeandikwa Antiochis, jina la kabila ambalo Socrates alikuwa wa kwao. Kwa maneno ya Plato, mwanafunzi wake, kama kura 30 zingehamia upande wa pili angeachiwa. Kisha alipotakiwa kujipendekezea adhabu, akasema anastahili kulishwa bure na mji kama mshindi wa Olimpia, kabla ya kukubali faini ya mina 30 kwa dhamana ya rafiki zake. Walimwua, na walikosea. Ila sioni ushahidi kwamba majaji wa kuchaguliwa wangekuwa wapole zaidi kwake, miaka mitano tu baada ya mji kushindwa vita na kutawaliwa na madikteta 30, ambao kiongozi wao Critias aliwahi kuwa mfuasi wake.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu nimekuelewa sasa. La mwisho kutoka kwangu: mfumo huu ulikufaje? Uliharibika wenyewe?

Mleta uzi

Haukufa wenyewe mkuu. Ulipinduliwa mara mbili, mwaka 411 na 404 KK, na mara zote mbili wananchi wakaurudisha ndani ya muda mfupi. Ile mashine ya marumaru na fimbo za rangi ni za baada ya hapo. Walikuwa bado wanaurekebisha.

Kilichouua ni jeshi la Makedonia. Mfalme wao Alexander Mkuu alipofariki mwaka 323 KK, Athene na miji mingine ikaasi, na mwaka uliofuata ikashindwa. Jenerali Antipater akaweka kikosi chake juu ya kilima cha Munychia pale bandarini Piraeus, na akaweka sharti: asiye na mali ya drakma 2,000 si raia kamili tena. Plutarch anasema waliopoteza haki zao walizidi 12,000. Mwanahistoria Diodorus anasema waliobaki walikuwa kama 9,000. Baadhi ya maskini wale walipewa ardhi Thrace na kuhamia huko. Demosthenes, msemaji wao mkubwa, alikimbilia hekalu la Poseidon kwenye kisiwa cha Kalauria, na askari walipomfikia akanywa sumu. Demokrasia ilirudi kwa vipindi, na vipande kadhaa vya kleroterioni tulivyonavyo ni vya karne zilizofuata, kwa hiyo mashine iliendelea kutumika. Lakini maamuzi ya vita na amani yalikuwa yameshahamia kwa wafalme.